Ushauri wa kufuata na wa kuacha: namna ya kuupima kwa Biblia kabla hujasaini

Nianze na yaliyonipata mimi, ili ujue siandiki haya kwa kusoma tu. Mwaka 2018 kazi yangu ya kupakua mizigo kwenye godauni iliisha, nikalipwa kiinua mgongo, laki tatu na nusu hivi, na wiki mbili hazikupita nikawa nshazimaliza zote kwa nyumba moja ya vyumba vinne huko Kisauni. Ushauri nilipewa na mzee mmoja wa kanisa, mtu wa suti na Biblia ya zipu, akanisomea mstari, tukaomba pamoja tumeshikana mikono, nikatoa arubuni siku hiyo hiyo. Mwezi wa tatu akaja kijana na kitabu cha risiti kwapani, akauliza mwenye nyumba sai ni nani, nikasema mimi, akafungua ukurasa akasema haya, kodi ya ardhi haijalipwa tangu 2015.

Mtu wa Mombasa ashaelewa kilichotokea. Nilinunua nyumba, sikununua ardhi. Mji huu una nyumba kibao za hivyo, ukuta ni wako na bati ni lako lakini mchanga ulio chini ni wa mtu mwingine na unamlipia. Si wizi, ni utaratibu wa zamani wa hapa kwetu na wengi wanaishi nao vizuri tu, ila mimi niliambiwa "ploti" na karatasi niliyosaini iliandikwa "nyumba" na mimi sikusoma kwa sababu tulikuwa tushaomba. Baadaye ndo nikasikia yule mzee alikuwa na fungu lake kwenye ile biashara.

Basi tangu hapo nimekaa na Biblia nikitafuta jambo moja tu, watu wa zamani walipopewa ushauri walijuaje huu ni wa kufuata na huu ni wa kuacha. Nilichokipata kimenishangaza, kwa sababu ushauri mbaya mle ndani mara nyingi hautoki kwa adui, unatoka kwa rafiki, nabii, mtu aliyebobea kwenye kazi yake, mtu anayekupenda. Kwa hivyo kumpima mtu peke yake hakutoshi, lazima uyapime na maneno aliyosema. Mimi sasa nafanya hivi.

Hatua ya 1: Andika swali kwenye karatasi

Usicheke, hapa ndo wengi wetu tunaangukia. Mtu anaenda kwa pasta anasema "pasta, niombee, sijui nifanye nini na hii pesa", sasa pasta atakwambia nini? Chukua karatasi uandike swali zima: nani, nini, pesa ngapi, mwisho lini. Kwa mfano "Nitoe laki tatu na nusu kununua nyumba ile ya nyuma ya msikiti, ama nisitoe, kabla ya tarehe 30." Ukishaandika hivyo utajikuta hujui vitu kama vitatu vinne, na hivyo vitu ndo vya kwenda kuuliza. Methali 18:13 inasema kujibu kabla ya kusikia ni upumbavu na aibu, na huwezi kumlaumu mtu kwa kujibu asichokisikia kama wewe mwenyewe hujakisema.

Halafu ukiangalia lile swali, jiulize kama Mungu ashalijibu. Kuna mambo hayahitaji mshauri. Amnoni katika 2 Samweli 13 alikuwa anamtamani Tamari, dada yake kwa baba, mpaka akaugua, na jibu alikuwa nalo tayari, kwamba haifai. Lakini alikuwa na rafiki anaitwa Yonadabu, na Biblia inasema alikuwa mwerevu sana, akampa mpango wa kujifanya mgonjwa ili Tamari aletwe ampikie. Ona, ule mpango ulifanya kazi! Kila hatua ilienda kama ilivyopangwa na mwisho wake msichana akaharibiwa na Amnoni mwenyewe akauawa kwa amri ya Absalomu, kaka yake Tamari. Kwa hivyo ushauri "unaofanya kazi" si lazima uwe mzuri. Ukiona unatafuta mtu wa kukusaidia namna, wakati unajua jambo lenyewe ni baya, wewe hutafuti shauri, unatafuta Yonadabu.

Hatua ya 2: Chagua wa kuuliza, na usichague kwa cheo

Hapa nitakaa kidogo.

Sisi tumelelewa na "asiyesikia la mkuu huvunjika guu", na ni kweli, ila siku hizi hiyo methali imekuwa kufuli ya kufungia watu midomo. Mkubwa akisema, kuuliza swali inakuwa utovu wa adabu. Wanaoipenda hukimbilia Rehoboamu, 1 Wafalme 12, watu walikuja Shekemu wakamwomba awapunguzie mzigo ambao baba yake Sulemani aliwatwisha, wazee wakamwambia wakubalie uwajibu kwa upole, vijana aliokua nao wakamwambia waongezee, akafuata vijana, makabila kumi yakaondoka. Basi inahubiriwa kila mwaka kwamba vijana hawana akili. Lakini fungua 1 Wafalme 14:21 uangalie umri wake alipoanza kutawala. Miaka 41! Na wale "vijana" walikua pamoja naye, maana yake ni rika lake, watu wazima na ndevu zao. Shida yao mimi naona haikuwa umri, ni kwamba walilelewa naye kwenye jumba la mfalme na wangekula naye hapo hapo, hakuna hata mmoja aliyewahi kubeba ule mzigo. Wazee nao sifa yao ni kwamba walikuwa wamesimama mbele ya Sulemani akiwa hai, waliona.

Halafu geuza ukurasa mmoja tu, sura ya 13. Hapo kuna nabii mzee wa Betheli aliyemdanganya mtu wa Mungu kutoka Yuda, tena akasema malaika amemtuma, na yule mgeni akamwamini kwa sababu ni mzee na ni nabii, akarudi akala chakula alichokatazwa na Mungu mwenyewe, akiwa njiani anaondoka simba akamwua. Sura mbili zinafuatana, moja inasema wasikilize wazee, ya pili inasema lakini sio bila kupima.

Na upande mwingine kuna kijakazi wa nyumbani kwa Naamani, 2 Wafalme 5. Msichana aliyetekwa vitani, jina lake hata halikuandikwa, ndiye aliyejua mahali ukoma wa jemadari utakapopona. Na Naamani alipokasirika kwa kuambiwa akaoge Yordani watumishi wake ndo waliomtuliza.

Kwangu mimi kijakazi wa Naamani alikuwa mama mmoja anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi kwenye kona ya ile nyumba. Siku nilipoenda kuiona nilikaa kwake nikanywa chai, nikamwambia mama nataka kununua ile, akaniangalia, akaendelea kugeuza mahamri kwenye karai, kisha akauliza, "Na mwenye ardhi umeshaonana naye, mwanangu?" Nikasema mwenye nyumba ndiye tunayeongea naye. Akasema "haya" na akanipa chenji yangu. Swali la maana kuliko yote niliyoulizwa mwezi ule na nililipita kama kibanda cha soda, kwa sababu yeye alikuwa na unga mikononi na mwenzake alikuwa na suti.

Kwa hivyo tafuta watu wa aina tatu: anayelijua jambo lenyewe kwa mikono yake, anayekujua wewe na udhaifu wako, na anayemcha Mungu kiasi cha kukwambia usilotaka kusikia. Ukimpata mmoja mwenye yote matatu mshikilie. Mara nyingi watakuwa watatu tofauti.

Hatua ya 3: Uliza anapata nini, na hasara italipwa na nani

Muulize waziwazi, kwa heshima. "Mzee wangu, samahani, nikinunua hii wewe kuna chochote unapata?" Mtu mwema hatakasirika. Kama angekuwa na fungu na akakwambia "ndiyo, napata kidogo", hapo bado ushauri wake unaweza kuwa mzuri, ila sasa unajua ni wa kuangalia mara mbili. Akiwaka, ushapata jibu.

Sura ninayoipenda kwa hili ni Matendo 27, na kwetu sisi watu wa bahari inaingia vizuri. Paulo ni mfungwa anapelekwa Roma, wako kwenye merikebu iliyobeba ngano, wamefika mahali panaitwa Bandari Nzuri huko Krete na msimu wa kusafiri umepita. Mtu yeyote aliyekaa na manahodha pale Bandari ya Kale anajua maana ya msimu kupita, kusi ikichacha jahazi linakaa, hakuna ushujaa hapo. Paulo akawaambia tukiondoka kutakuwa na madhara. Lakini akida, mkuu wa askari waliomlinda, akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu, na walio wengi wakasema twendeni. Sasa fikiria, mimi na wewe tungemsikiliza nani? Nahodha ni fundi, mwenye merikebu ni tajiri, huyu mwingine ni mahabusu. Ila mwenye chombo ana chombo chake na mzigo wake wa kufikiria, na ile bandari haikuwafaa kukaa kipindi cha baridi. Na yule mahabusu kwenye 2 Wakorintho 11:25, barua aliyoiandika kabla ya safari hii, anasema alishavunjikiwa na jahazi mara tatu, na akakaa kilindini kuchwa kucha. Uzoefu alikuwa nao, hakuwa na nguo zake tu.

Kisha upepo wa kusini ukavuma kidogo kidogo, wakadhani wamepata walichotaka. Hapo pananigusa sana. Upepo mzuri wa asubuhi moja si ushahidi kwamba ushauri ulikuwa mzuri. Mimi nilipolipa arubuni jirani mmoja akanisalimia vizuri, nikasema naam, hii ni ishara.

Hatua ya 4: Upime kwa Neno, si kwa mstari mmoja

Kusomewa mstari hakumaanishi ushauri ni wa Biblia. Kwenye Mathayo 4 Shetani alimnukulia Yesu Zaburi ya 91, tena bila kukosea sana, na Yesu akamjibu kwa "tena imeandikwa". Hilo neno "tena" ndo silaha. Mtu akikupa mstari, mwambie asante, kisha nenda nyumbani usome sura nzima na utafute mahali pengine panaposema juu ya jambo hilo hilo. Watu wa Beroya, Matendo 17:11, walimfanyia hivyo Paulo mwenyewe, wakayachunguza maandiko kila siku, na wakasifiwa kwa hilo, hawakuitwa wakaidi.

Mimi nilisomewa ule wa Yoshua, kila mahali nyayo zenu zitakapokanyaga nimewapa. Ni mzuri sana. Lakini kitabu hicho hicho cha Yoshua, sura ya 9, kina Wagibeoni waliokuja na mkate wenye ukungu na viatu vilivyotiwa viraka wakajifanya wametoka mbali, Waisraeli wakakagua ule mkate, wakaona ni kweli umekauka, wakafanya agano, na mstari wa 14 unasema hawakutaka shauri kinywani mwa BWANA. Ningesoma sura nane mbele ningejiokoa.

Kipimo ninachokitumia sana ni Yakobo 3:17. Anasema hekima itokayo juu kwanza ni safi, tena ni ya amani, ya upole, iko tayari kusikiliza watu, imejaa rehema, haina unafiki. Nimeyaandika nyuma ya kava la Biblia yangu na nayapitia kama orodha ya sokoni. Safi: kuna uwongo wowote lazima niseme ili hili lifaulu? Amani: nani atalia nikifanya hivi? Tayari kusikiliza: nikimwuliza swali anajibu ama ananikemea? Unafiki: angemshauri mwanawe hivi hivi?

Na juu ya unabii. Najua ni jambo nyeti hapa kwetu, kila wikendi kuna hema mahali na kuna mtu anakwambia panda mbegu ya elfu tano mlango ufunguke. Sikatai Mungu kusema na watu. Lakini Kumbukumbu la Torati 13 inaonya kwamba hata ishara ikitokea kweli, kama yule mtu anakuvuta kwa miungu mingine usimsikilize, na 1 Wathesalonike 5 imeweka pamoja usitweze unabii na jaribu mambo yote. Yote mawili. Mimi sheria yangu ni fupi: neno lolote la Mungu linalokuja na nambari ya Mpesa nalilaza wiki mbili.

Hatua ya 5: Mtu anayekupenda naye mpime

Hii ni ngumu kuliko zote kwa sababu unaona kama unamkosea. Mathayo 16, Petro ameambiwa heri wewe Simoni, na mistari michache tu mbele anamchukua Yesu kando anamwambia hayo ya kuteswa hayatakupata, na anajibiwa nenda nyuma yangu, Shetani. Petro hakuwa na fungu lolote, alikuwa anampenda tu, na mapenzi yakasema kwa sauti ya woga. Mama yangu mzazi kila jambo jipya kwake ni "achana nalo, mwanangu", kila jambo, hata tuktuk ambayo mwishowe ndiyo inayotulisha. Namsikiliza, namshukuru, halafu namuuliza, "Mama, unaogopa nini hasa?" Akikitaja kile kitu, hicho nakichukua nakifanyia kazi. Ule woga wenyewe namwachia.

Kuna na kinyume chake, mtu mwenye akili sana ambaye moyoni ana jeraha. Ahithofeli, mshauri wa mfalme Daudi, mashauri yake yalikuwa kama mtu ameuliza neno la Mungu, ndivyo inavyosema 2 Samweli 16:23, lakini akamgeuka Daudi akaenda kwa Absalomu, mwana wa Daudi aliyemwasi. Ukiunganisha 2 Samweli 11:3 na 23:34, Bathsheba alikuwa binti Eliamu, na kuna Eliamu mwana wa Ahithofeli. Kama ni Eliamu huyo huyo, basi huyo ni babu yake Bathsheba, na alikuwa na kinyongo na Daudi kwa yale aliyomtendea mjukuu wake. Rafiki yako aliyetoka kwa talaka juzi usimuulize juu ya ndoa yako mwezi huu. Mpe muda.

Hatua ya 6: Kuhesabu watu

Methali 11:14 inasema kwa wingi wa washauri huja wokovu, na 1 Wafalme 22 ina manabii kama 400 waliosema kitu kimoja na wote wakakosea. Inakuwaje? Angalia yule mjumbe aliyeenda kumwita nabii Mikaya, alimwambia kabisa njiani kwamba wenzako wote wamesema mema kwa kinywa kimoja, na wewe sema kama wao. Wale hawakuwa washauri 400, alikuwa mshauri mmoja na mwangwi wake. Grupu la WhatsApp ni hivyo hivyo, wa kwanza akiandika "amina, chukua hiyo nafasi" wengine arobaini wanafuata na vidole gumba. Muulize kila mtu peke yake, na usimwambie mwenzake alisema nini.

Hatua ya 7: Lala nao, kisha nenda ukaone

"Kuna mtu mwingine anakuja saa kumi na pesa taslimu." Hiyo sentensi ikitoka, funga pochi. Methali 14:15, mjinga huamini kila neno, bali mwenye busara huangalia sana aendavyo. Lakini usiku peke yake haukuponyi, Rehoboamu alichukua siku tatu nzima na bado akaharibu. Zile siku zitumie. Kama ni ardhi, nenda ofisi ya ardhi ufanye search, yaani upekue rekodi ya umiliki, wewe mwenyewe, soma jina lililo kwenye hati, zungumza na majirani wawili ambao hukupelekwa kwao na broka, na urudi pale siku ya mvua uone maji yanaelekea wapi. Kama ni kazi ya ng'ambo, tafuta mtu aliyekwenda na akarudi, si aliyekwenda tu. Kama ni kumwekea mtu dhamana kwenye sacco, soma Methali 6:1 hadi 5 kabla ya kushika kalamu.

Na uombe, Yakobo 1:5. Nimeiweka hapa mwisho si kwa sababu ni ndogo, wengi tunaifanya kwanza halafu tunaitumia kama muhuri wa kutofanya hayo mengine yote.

Hatua ya 8: Kama ushafuata ushauri mbaya

Usijifiche. Ile Methali 6 inamwambia aliyejifunga kwa mdomo wake ajiponye kama paa na mkono wa mwindaji, asilale usingizi, aende akamsihi yule mtu. Mimi nilificha miezi miwili, mke wangu akaja kujua kwa yule kijana wa risiti, na hiyo ilinigharimu kuliko kodi yenyewe. Nilipokubali tukaenda sote wawili kwa mwenye ardhi, mzee mpole tu, tukaelewana nilipe deni kidogo kidogo, akaniandikia karatasi kwa jina langu. Vyumba viwili napangisha.

Kwenye Matendo 27 wale watu hawakutupwa kwa sababu walikosea Bandari Nzuri. Paulo alisimama katikati ya dhoruba akawaambia iliwapasa kunisikiliza, akasema mara moja tu, kisha akaendelea kuwashauri, mara hii wakamsikiliza, wakazikata kamba za mashua, wakala chakula, na watu wote 276 wakafika pwani, wengine juu ya mbao. Chombo kilivunjika.

Na siku ukiulizwa wewe ushauri, fanya kama Yethro kwenye Kutoka 18. Alikaa kwanza akaangalia siku nzima Musa anavyofanya kazi, akasema wazi kwamba jambo hili si jema, akampa mpango kamili, halafu akaongeza, kama Mungu naye akikuamuru hivyo. Kisha akarudi kwao. Mwezi uliopita kijana wa jirani alikuja kwangu na mambo ya loni ya bodaboda, nikampa karatasi na kalamu nikamwambia andika swali, nikaenda kuosha tuktuk. Niliporudi alikuwa ameandika mistari miwili, amekata wa pili, na anampigia mtu simu kuuliza riba ni ngapi.